Kochi la Mama Hakimu

Nyumba za Wauguzi, chumba cha mwisho
Jumapili, 2 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hapa wazima. Mama ni mzima kupita kiasi: anakula, anasikiliza redio kutwa, na ananisahihisha namna ninavyofua.

Kabla hujaendelea kusoma, funga mlango wa karakana. Kisha kaa, ila usikae kwenye kochi la Baba.

Jana mchana redio ilitangaza kwamba mtu yeyote mwenye silaha isiyo na kibali, hata kama ameirithi, aisalimishe polisi kabla ya mwisho wa mwezi huu, naye hatafunguliwa kesi. Mimi nilikuwa napiga pasi sare yangu na Mama anamenya vitunguu. Akasema bila kuinua kichwa, "Basi itabidi na zile za babu yenu zipelekwe." Nikamwuliza zipi. "Zile zilizo ndani ya kochi." Mdogo wangu, nimeunguza sare. Ina alama ya pasi mgongoni, na kesho ndiyo ninayoivaa kazini.

Mama anasema babu alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe shambani, pamoja na bastola ambayo hakuna aliyewahi kujua aliitoa wapi. Alipokufa, Baba aliogopa kuzipeleka polisi akiwa hana hata karatasi moja mkononi. Kwa kuwa alikuwa fundi makochi, akafanya la kifundi: akazishonea ndani ya lile kochi letu la watu watatu, chini ya mahali pa kukalia, na kumwapisha Mama asiseme. Mama hakusema. Sisi tukaruka juu yake utoto wetu wote, na wewe ukajifunza kutembea ukishikilia gobore.

Sasa nisikilize. Usilifungue. Usilitikise. Usimwambie mtu. Niandikie tu kwamba lipo palepale dirishani, ili nipate usingizi, halafu tupange namna ya kuzisalimisha kisheria. Simu ya hapa kliniki iko koridoni na kila mgonjwa anaisikiliza, kwa hiyo barua zipitie kwa dereva wetu wa basi kama kawaida.

Msalimie yule mwalimu wa hesabu unayemposa. Mama anauliza kama posa imeshajibiwa rasmi.

Dada yako

*

Karakana
Jumatano, 5 Machi

Dada,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake kubwa.

Nimepata barua. Nimeshangaa sana. Nimeshangaa, nikakaa chini, nikanywa maji, nikashangaa tena.

Kochi lipo, halina neno. Nililivisha kitambaa kipya cha bluu mwezi uliopita na limependeza kweli, kila anayeliona analisifu. Kwa hiyo lala usingizi.

Posa haijajibiwa rasmi. Mama yake mwalimu anasema bado ananisoma. Unajua alikuwa hakimu kabla hajastaafu, na mtaani wote tunamwita Mama Hakimu. Alinisoma Jumapili iliyopita kwa saa nzima, nikatoka shati limelowa mgongo.

Hali ya hewa ni nzuri. Nina kazi ya viti vya ukumbi wa mikutano. Hivi, Dada, tuseme mtu mwenye mwili wake akajitupa ghafla juu ya kochi la namna hiyo, kuna kitu kinaweza kutokea? Nauliza tu. Na je, bunduki ikikutwa katika nyumba ya mtu asiyejua, anayeulizwa ni mwenye nyumba au ni mwenye kochi?

Nauliza tu.

Mdogo wako

*

Nyumba za Wauguzi
Jumamosi, 8 Machi

We mtoto,

Nimemsomea Mama barua yako. Alizima redio (redio, Mama!), akasema, "Hilo kochi halipo."

Tumekulea, tunakujua. Ulipovunja kioo cha kabati ulikuja kuniuliza kama kioo huwa kinaweza kupasuka chenyewe. Kuzaliwa kitinda mimba hakujakufundisha kudanganya, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo. Kochi liko wapi?

Na kuna jingine limenikaa kichwani. Unasema ulilivisha kitambaa kipya. Baba alikuwa anasema kochi halivishwi mpaka livuliwe: kitambaa cha zamani kitoke, sponji zitoke, springi zikaguliwe, ndipo lianze kujengwa upya. Alikuwa anakusimamia kwa rula mkononi. Sasa kama ulilivua, uliziachaje bunduki mbili bila kuziona? Gobore ni refu kuliko wewe ulivyokuwa darasa la nne!

Jibu kwa basi la kwanza.

Dada yako, ambaye halali

*

Karakana
Jumanne, 11 Machi

Dada yangu, mama yangu wa pili, usinipigie kelele.

Kochi liko kwa Mama Hakimu.

Nililipeleka jioni ya siku ya posa, Mama alipokwisha kupanda basi kurudi huko. Nilifikiri, nimpelekee nini mtu aliyewahi kuwa na kila kitu? Nikaona nimpe kazi ya mikono ya Baba. Lilimpendeza hadi akaniita "kijana wangu" mara moja, kisha akajirudi. Analipenda! Haliachi! Asubuhi anakaa katikati kabisa, miguu juu ya kigoda, anasoma gazeti huku ameshika kalamu nyekundu na kusahihisha makosa ya waandishi. Amekalia gobore, Dada. Amekalia gobore na bastola, mtu ambaye mwalimu ananiambia kwamba mahakamani hakuna kesi iliyokuwa inampandisha hasira kama kesi ya silaha.

Juzi nilikwenda kuona. Kikundi chao cha wastaafu kilikuwa na mkutano. Mtunza hazina wao ni mama mwenye mwili wa kutosha watu wawili na robo. Akaja, akageuka, akajiachia. Nikaruka kutoka kitini nikapiga ukelele, "Taratibu!" Sebule nzima ikanigeukia. Mama Hakimu akavua miwani. Akasema, "Kijana, wageni wangu hukaa wanavyotaka." Tangu hapo ananitazama kama mtu aliyetoroka mahali.

Kuhusu kulivua: nililivua. Karibu lote. Tuyaache hayo kwanza.

Nimeshapata mpango. Nitamwambia mguu mmoja wa nyuma unalegea. Nitalipakia kwenye mkokoteni, nitalileta karakana, nitalifungua, nitatoa vitu, nitalirudisha likiwa jepesi. Vitu vyenyewe nitavitumbukiza katika shimo la choo cha zamani na hakuna atakayejua. Akijua, posa imekufa, na mimi nyuma yake. Dada, nampenda yule mwalimu. Anaposahihisha madaftari anatabasamu peke yake mtoto akipata jibu. Sitampata mwingine.

Mkokoteni nimeazima, unakuja Jumamosi.

Mdogo wako aliyekwisha

*

Nyumba za Wauguzi
Alhamisi, 13 Machi

MKOKOTENI USIUGUSE.

Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata ukiisoma barabarani uone.

Jana nilimwendea askari mmoja ambaye mkewe nilimzalisha mapacha. Nikamwambia kuna mtu fulani, mahali fulani, amerithi kochi fulani. Akaniuliza, "Sista, huyo fulani ni ndugu yako?" Nikamwambia fulani ni fulani. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, kisha akawa mkali kabisa.

Anasema hivi. Kwanza, silaha ya zamani huwezi kujua kama ina risasi ndani, kwa hiyo asiye mtaalamu asiiguse wala asiihamishe. Pili, ukikutwa nayo njiani, wewe ndiye uliyeibeba, na hadithi ya marehemu babu utaisimulia ukiwa ndani. Tatu, kuitupa chooni ni kosa jipya kabisa, la kwako mwenyewe, si la kurithi. Inatakiwa mwenye nyumba aambiwe, watu watoke chumbani, polisi waitwe waje na mtaalamu wao wazitoe wenyewe. Kisha uende kituoni na cheti cha kifo cha Baba na barua ya mwenyekiti wa mtaa, uandike maelezo, na usiondoke bila stakabadhi yenye muhuri. Ukifanya hivyo kabla ya mwisho wa mwezi, hakuna kesi. Cheti nimekifunga humu ndani.

Kwa hiyo hakuna ujanja hapa. Lazima umwambie Mama Hakimu. Lakini anza na mwalimu, maana hao wawili wanakula meza moja.

Sasa Mama amenikalia begani, anataka niandike maneno yake, nisipunguze wala nisiongeze. Anasema:

"Mwanangu. Baba yako alikuwa mtu mwema na mwoga. Mimi niliogopa pamoja naye kwa sababu nilimpenda. Wewe usituogopee tena. Nenda ukamwambie yule mama ukweli ukiwa umenyoa ndevu. Akikukataa kwa sababu umesema kweli, njoo huku nikupikie. Ila sidhani kama atakukataa. Mtu anayesahihisha magazeti anapenda mambo yanyooke."

Mwisho wa kunukuu. Vaa lile koti la posa.

Dada yako

*

Nyumbani kwangu
Jumatatu, 17 Machi

Kwa mzazi mwenzangu, kama bado nina ruhusa ya kukuita hivyo,

Salamu. Tulikutana siku ile moja ya posa, ukanisifia pazia. Naandika mimi mwenyewe kwa sababu jambo lililotokea sebuleni kwangu jana halifai kupita kwenye midomo ya watu kabla halijakufikia wewe.

Kijana wako alikuja saa za jioni na binti yangu, amenyoa, amevaa koti. Nilimkaribisha kiti, akakaa sakafuni. Nikamwuliza kiti kina nini. Akasema, "Mama, naomba kwanza wewe usimame."

Mzazi mwenzangu, miaka yote niliyofanya kazi, mimi ndiye niliyekuwa nikisimamiwa nikiingia. Hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha mimi. Nilisimama kwa mshangao tu. Ndipo akaniambia nilichokuwa nimekalia.

Alisema yote kwa mara moja, bila kupumua. Hakumlaumu marehemu, hakukulaumu wewe. Alikiri hata kwamba alifikiria mkokoteni. Nilimwuliza: umezigusa? Hapana. Umezihamisha? Hapana. Nani anajua? Akakutaja wewe, dada yake, binti yangu na, akajiuma-uma kidogo, "askari mmoja asiyejua kwamba anajua." Nikatoka nao wote wawili, nikafunga sebule, nikatia ufunguo kifuani, nikapiga simu kituoni. Tulisubiri jikoni. Binti yangu alikuwa ameanza kucheka tangu kwenye ngazi na hakuacha. Nilimkanya, nikaona na mimi mdomo hautulii.

Walikuja askari wawili na mtaalamu wao. Gobore halikuwa na kitu. Bastola ilikuwa na risasi moja. Mtaalamu alipotuonyesha, hata binti yangu akaacha kucheka. Kama lile kochi lingerushwarushwa barabarani juu ya mkokoteni, leo ningekuwa naandika barua nyingine. Kwa hilo yeyote aliyemkataza namshukuru, na nadhani ni dada yake.

Nina hasira, na ninataka uijue ni ya nini. Si ya bunduki. Mtu hachagui urithi, anachagua atakachoufanyia akishaujua, na kijana amefanya inavyotakiwa. Hasira yangu ni hii: mtaalamu alikata kile kitambaa cha bluu, na chini yake kikatokea cha kijani. Kizima! Na misumari yake! Akauliza, "Hili kochi limevaa nguo ngapi?" Nikamgeukia kijana wako. Aliposema habari za bunduki alinitazama usoni. Kwa habari ya kitambaa aliangalia vidole vya miguu. Akakiri kwamba aliharakisha ili awahi siku ya posa, akavisha kipya juu ya cha zamani. Nimeletewa zawadi ya uchumba iliyovaa nguo juu ya nguo. Angefanya kazi yake kama alivyofundishwa, angezikuta mapema, karakana kwake, na mimi nisingemkalia babu yake mwezi mzima.

Silaha zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa cha meza cheupe chenye maua mekundu, kona moja imetariziwa ndege wawili. Polisi wamenipa kitambaa, hawana haja nacho. Nimekifua. Kama ni chako, niambie.

Kuhusu posa, sijafunga faili. Alhamisi naenda naye kituoni kuandika maelezo, kwa kuwa zilikutwa kwangu. Nitaamua nikishamwona anavyosimama mbele ya askari.

Wako katika heshima,
Mama wa mwalimu

*

Nyumba za Wauguzi
Jumatano, 19 Machi

Mzazi mwenzangu mpendwa,

Anayeandika ni binti yangu, lakini maneno ni yangu, na namwangalia asipunguze.

Kitambaa cha ndege wawili ni changu! Nilikitarizi mwenyewe nikiwa mchumba. Kilipopotea nilisema kimechukuliwa na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, maana ndiye aliyekuwa akikisifia sana. Nikaacha kumpikia chai nzuri. Kila akija nampa chai ya majani yaliyokwisha kuchemshwa, miaka yote hiyo, naye anakunywa na kunishukuru. Na kumbe mume wangu mwenyewe ndiye aliyekichukua kufungia bunduki, akanisikiliza nikilalamika, akatikisa kichwa na kusema, "Watu wana mambo." Ningekuwa naye hapa ningempiga kwa mwiko, kisha ningemkumbatia. Nimelia, nimecheka, sijui nilianza na lipi. Leo asubuhi nimempigia wifi kwa ile simu ya koridoni na wagonjwa wote wakasikia. Amesema alijua chai ile ina sababu.

Sasa niseme la mwanangu. Siombi umhurumie. Kwa kochi, mkaripie, nami namkaripia kutoka huku. Alikuwa anaogopa kukukosesha furaha siku ile, ndiyo maana akaharakisha. Lakini Jumapili alikuwa anaogopa zaidi, na hakuharakisha, alikuja akakaa sakafuni akasema. Hayo mawili yaweke pamoja, uone uzito. Wewe ndiye unayejua kupima.

Na mimi niliyenyamaza miaka yote, naomba radhi. Ulikaa juu ya siri yangu bila mimi kukuuliza.

Mama yake

*

Karakana
Ijumaa, 21 Machi

Dada, Mama, wote wawili, kaeni pamoja msome kwa pamoja, na Dada usiruke mistari!

Jana tulikwenda kituoni. Mimi nina bahasha: cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti, kitambulisho. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akaja na vumbi la chaki mikononi. Mama Hakimu alitangulia mbele, amevaa suti nyeusi ya kazini. Mlinzi wa getini alimpigia saluti kisha akakumbuka kwamba amestaafu, akashindwa aishushe vipi.

Kulikuwa na benchi refu limechanika, sponji inatoka. Kwa mazoea nikaanza kulipapasa pembeni nione lilivyoshonwa. Mama Hakimu akanikata jicho, nikaacha.

Tukaitwa kwa afisa mmoja kijana, mpole, anaandika polepole huku ametoa ncha ya ulimi. Akauliza, nikajibu. Babu yangu alikuwa nani, Baba alikufa lini, mimi nilijua lini, niliambiwa na nani, kwa nini sikuja siku ileile. Ningeweza kusema barua ilichelewa. Nikasema, "Niliogopa. Nilitaka kuzitupa. Dada yangu alinikataza." Afisa akaandika vyote. Mwalimu akanikanyaga kidole chini ya meza kunitia moyo, akanikanyaga sana.

Kisha akageuza karatasi. Akasema, "Silaha zimekutwa katika nyumba ya Mheshimiwa hapa. Wewe una uhusiano gani na mwenye nyumba?"

Dada, swali dogo hilo! Nikasema mimi ni, yaani natarajia, kuna posa nilipeleka lakini bado haija, yaani faili halijafungwa. Afisa kalamu ikamsimama hewani. Akasema, "Hapa pana mstari mmoja tu. Niandike nani? Fundi wake?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, fundi, maana hilo angalau lilikuwa kweli.

Mama Hakimu akavua miwani. Akasema, "Andika: mwanawe."

Afisa akainua macho. "Mheshimiwa, wa kumzaa?"

"Nimekwambia uandike kumzaa? Andika mwanawe. Na uandike vizuri, nitakusahihisha."

Akaandika. Mwalimu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mimi nikageukia ukuta nikajifanya nasoma tangazo la leseni za baiskeli. Nililisoma lote, sikumbuki hata neno. Tulipotoka nje Mama Hakimu akaniambia bila kunitazama kwamba Jumamosi niende na vifaa vyangu vyote, kochi nilivue mpaka mbao zionekane, nilijenge upya palepale sebuleni, naye atakaa kwenye kigoda kunitazama. Halafu akanifunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka, akatangulia kwenda.

Mama, anza kutafuta nguo ya harusi. Shangazi mwambie aje, na apewe chai ya maana. Dada, omba likizo ndefu na usije na ile sare.

Nimeiweka stakabadhi mfukoni upande wa moyo na nimeitoa kuisoma mara nyingi kiasi kwamba imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Sisomi habari za gobore. Nasoma ule mstari mmoja tu, ambao afisa aliunakili humo, wenye neno moja, na muhuri wa polisi umegongwa juu yake.

Mwana wenu, na sasa pia mwana wa mtu mwingine kwa maandishi